Barua ya wazi kwa wakuu wa Idara ya Wanajeshi wa Zamani ya Marekani: mkikataa dai, andikeni sababu

Kwa Waziri wa Idara ya Wanajeshi wa Zamani (VA). Naibu Waziri anayesimamia Mafao. Mwenyekiti wa Bodi ya Rufaa. Na Kamati za Wanajeshi wa Zamani katika Seneti na Baraza la Wawakilishi, Washington.

Waheshimiwa,

Tunaowaandikia ni wawakilishi wa madai, wauguzi na wafasiri tunaowasaidia wasemaji wa Kiswahili waliotumikia jeshi la Marekani kudai fidia ya ulemavu, na kukata rufaa dai linapogonga mwamba. Wengine walifika na greenkadi za bahati nasibu au za familia. Wengine waliandikishwa kati ya 2009 na 2016 kupitia MAVNI, mpango wa jeshi wa kuandikisha wahamiaji wenye ujuzi wa lugha au tiba, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizotafutwa katika mpango huo. Leo wako Texas, Minnesota na Georgia. Wengine wamerudi Mombasa, Arusha au Goma na magoti mabovu, masikio yanayolia na usingizi wa mang'amung'amu.

Nakala ya Kiingereza mmeletewa. Hii ya Kiswahili tunaiweka hadharani kwa sababu ushahidi wa madai haya mara nyingi umeshikwa na watu wasiosoma barua zenu: mke, mama mzazi, daktari wa zahanati. Nao wajue tunachowaomba, na wajue la kufanya wakati tunasubiri jibu.

Hatuombi kila dai likubaliwe. Yapo madai yasiyo na msingi, na wenyewe tunawaambia hivyo kabla hawajapoteza mwaka. Tunachoomba ni kwamba mnapokataa, mwandike sababu ambayo mtu anaweza kuijibu. Rufaa nyingi tunazozisoma zisingekuwepo kama barua ya kwanza ingesema yote iliyopaswa kusema.

BARUA YA UAMUZI

Dai la ulemavu husimama juu ya mafiga matatu: ugonjwa uliopo sasa na uliothibitishwa na mtaalamu, tukio, jeraha au dalili wakati wa utumishi, na uhusiano kati ya hayo mawili. Uthibitisho unaotakiwa si ule wa kesi ya jinai. Inatosha uwezekano ufike nusu kwa nusu, na mizani ikilingana, anayepewa ni mdai. Ni kifungu 5107 cha sheria mnayoisimamia. Kifungu 5104 nacho kinawataka mueleze kwenye barua ushahidi mliousoma, mambo mliyoyakubali upande wa mdai, na figa lipi limekosekana.

Barua zinazotufikia zina kurasa nyingi, lakini sentensi ya uamuzi ni moja tu: hatukuona uhusiano kati ya hali yako ya kiafya na utumishi wako. Sentensi hiyo inaweza kubeba mambo tofauti kabisa. Huenda daktari mchunguzi alisema hapana. Huenda hakuna uchunguzi ulioagizwa. Huenda daktari alisema ndiyo kwa goti na hapana kwa mgongo, na mwandishi wa barua akachanganya. Kila moja ya hizo ina njia yake ya rufaa, na mdai anaachwa abahatishe.

Njia zenyewe ni tatu tangu tarehe 19 Februari 2019, sheria ya kurekebisha rufaa ilipoanza kutumika. Dai la nyongeza, fomu 20-0995, ni la mwenye ushahidi mpya unaogusa kilichokosekana. Mapitio ya ngazi ya juu, fomu 20-0996, ni ya anayesema kwamba ushahidi ulikuwepo mkausoma vibaya, au kwamba mlipaswa kuagiza uchunguzi na hamkuagiza. Fomu 10182 humpeleka mtu mbele ya jaji wa Bodi ya Rufaa, na huko atachagua foleni: faili lisomwe kama lilivyo, au aongeze ushahidi ndani ya siku 90, au asikilizwe na jaji ana kwa ana au kwa video.

Kosa tunalokutana nalo kuliko yote ni hili. Mtu ana barua mpya ya daktari, imetimia kila kitu, anaiambatanisha na fomu 20-0996. Mpitiaji haruhusiwi hata kuitazama, kwa maana sheria inamfunga kwenye ushahidi uliokuwemo siku ya uamuzi. Lengo lenu kwa njia hiyo ni wastani wa siku 125. Miezi minne inakwenda, jibu linarudi lilelile, na barua nzuri imelala ndani ya faili bila kusomwa. Upande wa pili yuko mtu ambaye mchunguzi wake aliruka swali zima. Mpitiaji wa ngazi ya juu angeliona mara moja na kulirudisha likarekebishwe. Mtu huyo, kwa kutojua, anakwenda Bodi na kuomba kusikilizwa, na kusubiri huko huhesabiwa kwa miaka.

Ndugu mnaosoma, mwaka mmoja wa kukata rufaa huanza tarehe iliyochapwa juu ya barua, si siku ilipofika posta ya Kisauni. Dai la nyongeza hupokelewa hata baada ya mwaka, ila tarehe ya malipo husogea mbele na malimbikizo ya nyuma hupotea. Mtu akiruka kutoka njia moja hadi nyingine bila kuvuka mwaka katika hatua yoyote, tarehe yake ya mwanzo hubaki. Bodi ikikataa na mtu akitaka kwenda Mahakama ya Rufaa za Madai ya Wanajeshi wa Zamani, ana siku 120 tu. Na kabla ya kugusa fomu yoyote ya rufaa, ombeni faili la madai kwa fomu 20-10206, mkitaja waziwazi kwamba mnataka na ripoti ya uchunguzi wa kitabibu. Sababu ya kweli iko humo.

Na ombi letu la kwanza kwenu, Waheshimiwa, linatoka hapohapo. Ripoti hiyo ndiyo iliyoamua dai, lakini haimo kwenye bahasha ya uamuzi. Iwekeni. Maoni ya daktari mara nyingi ni aya moja au mbili. Hayatawaongezea uzito wa posta. Mtu akijisomea mwenyewe kwamba mchunguzi hakuona rekodi ya goti kati ya mwaka fulani na mwingine, atajua palepale kama anahitaji rekodi, shahidi, au mpitiaji.

MAONI YASIYO NA HOJA

Mahakama iliwaambia mwaka 2008, katika kesi ya Nieves-Rodriguez, kwamba uzito wa maoni ya kitabibu uko kwenye hoja zake. Kusoma faili lote na kutia saini hakutoshi. Hata hivyo maoni yanayokuja kwenye mafaili haya yana sampuli chache zinazojirudia, kiasi kwamba tukifungua ripoti tunaweza kukisia mstari wa mwisho.

Sampuli ya kwanza ni ya masikio. Mtu amefanya kazi karibu na injini za helikopta au mizinga kwa miaka minne. Kipimo cha kutoka jeshini kilikuwa cha kawaida. Mchunguzi anaandika: usikivu ulikuwa wa kawaida siku ya kuondoka, hivyo hakuna uhusiano. Tangu kesi ya Hensley ya 1993 hoja hiyo haisimami peke yake. Mchunguzi anapaswa kulinganisha kipimo cha kuingia na cha kutoka, aone kama kiwango kimepanda kwa desibeli ngapi kwenye masafa ya hertz 3000 na 4000, asome orodha ya jeshi inayotaja kelele za kila aina ya kazi, ndipo aseme kwa nini kelele zile si chanzo. Mchunguzi akikosa kufanya hivyo, njia ya mdai ni fomu 20-0996. Haihitaji ushahidi mpya hata karatasi moja.

Sampuli ya pili: hakuna rekodi ya matibabu wakati wa utumishi. Wakuu, askari wengi hawaendi zahanati ya kikosi kwa goti linalouma. Mhamiaji anayesubiri uraia kupitia utumishi wake huogopa zaidi, kwa kudhani ugonjwa utamrudisha nyumbani kabla ya kiapo. Dodoso la afya la kurudi kutoka misheni, DD 2796, hujazwa watu wakiwa na mabegi mabegani, na kila swali hujibiwa hapana ili safari isicheleweshwe. Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilisema mwaka 2006, kesi ya Buchanan, kwamba maelezo ya mtu wa kawaida hayakataliwi kwa sababu tu hakuna karatasi ya hospitali ya wakati huo. Kwa hiyo mwenzake wa kikosi aliyemwona akianguka kutoka kwenye lori ni shahidi. Mke aliyemwona akichechemea siku aliyorudi ni shahidi. Fomu yao ni 21-10210, na maelezo yanayofaa hutaja nini kilionekana, lini, wapi, na kiliendelea vipi hadi leo. Wasijaribu kutaja jina la ugonjwa. Shahidi anayesema mume wangu alipata PTSD (ugonjwa wa akili unaotokana na tukio la kutisha) tangu Iraq ameingilia kazi ya daktari. Anayesema alikuwa akiamka saa nane usiku na kukagua milango yote, kila usiku, tangu Machi 2012, ameleta ushahidi.

Ya tatu inawahusu wahamiaji hasa, na ndiyo inayotukera kuliko zote. Mchunguzi anaona mdai amezaliwa Kenya, Tanzania au Kongo, kisha anaandika kwamba pumu, kifua kikuu au malaria ya kujirudia huenda ilikuja naye. Sheria inamhesabu kila askari kuwa alikuwa mzima siku aliyopokewa, isipokuwa kwa kasoro iliyoandikwa kwenye uchunguzi wa kuingia, fomu DD 2808. Kuipindua dhana hiyo ni mzigo wenu, na mnapaswa kuleta ushahidi wa wazi usio na utata wa mambo mawili kwa pamoja: kwamba ugonjwa ulikuwepo kabla, na kwamba utumishi haukuuzidisha. Mahali alipozaliwa mtu si ushahidi wa hata jambo moja kati ya hayo. Mdai aitafute DD 2808 yake. Kama sehemu ya mapafu imeandikwa kawaida, ana hoja ya kisheria tayari. Nanyi tunawaomba muwaandikie wachunguzi, wa serikali na wa kampuni za mkataba, kwamba nchi ya kuzaliwa isitumike kama chanzo cha ugonjwa bila kutaja rekodi.

Ya nne huonekana kwenye ugonjwa uliozaliwa na ugonjwa mwingine. Goti la kulia limekubaliwa. Sasa mgongo unauma kwa sababu mtu anatembea upande. Kanuni 3.310 ina maswali mawili: je, goti lilisababisha mgongo, na kama halikusababisha, je, limeuzidisha? Wachunguzi hujibu la kwanza na kulisahau la pili. Maneno kama "haukusababishwa wala hauhusiani" hayajajibu suala la kuzidisha. Mahakama ilishalisema mwaka 2013 katika kesi ya El-Amin. Fomu mnayowapa wachunguzi ingekuwa na visanduku viwili tofauti, kila kimoja na nafasi ya lazima ya kuandika sababu, kosa hili lingepungua bila kubadilisha sheria yoyote.

Upimaji wa viungo nao una lake. Goti linapimwa asubuhi moja, siku nzuri, na nyuzi zinaandikwa. Kesi ya Sharp ya 2017 inamtaka mchunguzi akadirie pia hali inavyokuwa maumivu yanapopanda, kwa kumuuliza mgonjwa mara ngapi, kwa muda gani na anashindwa kufanya nini. Hapa tuseme na upande wetu pia. Mtu aliyelelewa asilalamike mbele ya mgeni huingia chumba cha daktari, akaulizwa hali, akajibu salama. Imeandikwa hivyo. Tunawashauri waende na karatasi yenye siku mbaya za miezi mitatu iliyopita, tarehe kwa tarehe, na waombe iingizwe kwenye ripoti.

Barua ya daktari binafsi tunaieleza kwa urefu kwa sababu familia hutumia fedha nyingi juu yake. Barua ya kawaida ya hospitali zetu huanza na "kwa yeyote anayehusika", inasema aliyetajwa hapo juu ni mgonjwa wetu mwenye presha, na inagongwa muhuri. Hiyo imejenga figa la kwanza peke yake. Barua inayobeba dai hutaja usajili na utaalamu wa daktari, hutaja rekodi alizosoma na tarehe zake, huandika ugonjwa, halafu husema kwamba uwezekano wa kutokana na utumishi ni asilimia 50 au zaidi, na kueleza kwa nini, pamoja na kwa nini vyanzo vingine, kama uzito, umri au sigara, havielezi kila kitu. Daktari akiandika "inawezekana" au "huenda", mtaiita dhana tu na kuiweka kando, na kwa hilo hatuwalaumu.

Kuna hesabu pia ambayo ingewaokoa watu rufaa zisizo na faida. Asilimia za ulemavu mnazotoa haziongezwi kama sarafu; kila mpya huhesabiwa kwenye kilichobaki hadi 100. Aliye na 90 akishinda dai la 40, asilimia 40 ya kumi zilizobaki ni nne, anafika 94, nayo hushushwa hadi 90. Hapati senti ya ziada. Anahitaji 50 ili afike 95 na kupandishwa hadi 100. Tunaona watu wakipigania mlio wa masikio, ambao kiwango chake cha juu ni asilimia 10, kwa mwaka mzima, huku hawawezi kufanya kazi na wana 70 tayari. Mwenye 70 yenye ugonjwa mmoja wa 40, au ugonjwa mmoja wa 60, na ambaye hawezi kushika ajira ya kumlisha, anastahili kujaza fomu 21-8940 ya kutoajirika. Akikubaliwa hulipwa kama wa 100. Barua ya uamuzi ingeweza kumwambia hivyo kwa mistari miwili.

USHAHIDI UNAOTOKA NYUMBANI

Madai ya wanaoishi Afrika Mashariki husomwa zaidi na ofisi ya Pittsburgh. Wasomaji wa huko wanapokea daftari la zahanati lenye mwandiko wa kalamu mbili, risiti, na kadi ya kliniki. Tarehe ndiyo inayoponza. Mombasa wakiandika 4/7/2019 ni tarehe nne Julai. Pittsburgh wanasoma Aprili 7, na ghafla matibabu yametangulia ajali. Tunawaambia wadai wamwombe karani aandike mwezi kwa maneno. Majina nayo: cheti cha kuachishwa jeshi, DD 214, kina majina mawili, zahanati imeandika jina la baba kwanza, na hospitali ya rufaa imeongeza la babu. Karatasi moja ya maelezo, iliyosainiwa, ikieleza kwamba majina yote ni ya mtu yuleyule na tarehe ya kuzaliwa ni ileile, huondoa shaka hiyo.

Maelezo ya mama yaandikwe kwa lugha anayoifikiria. Kiswahili chake kibaki kama kilivyo, chini yake tafsiri ya Kiingereza, na mfasiri aweke jina, saini, tarehe na tamko kwamba anazijua lugha zote mbili. Mama akisainishwa Kiingereza asichokielewa, siku atakapoulizwa kwa simu hadithi zitapishana.

Kwenu tunaomba mawili. Karatasi ya Kiswahili ikifika bila tafsiri, ifasiriwe kabla ya uamuzi. Isihesabiwe kama haipo. Na daktari aliyesajiliwa Kenya au Tanzania akijaza dodoso lenu la ulemavu, lile la umma, lipokelewe na kupimwa kwa hoja zake. Usajili wake unaweza kuthibitishwa kwa baraza la madaktari la nchi yake. Kumngoja mchunguzi wa mkataba apatikane Dar es Salaam kwa ajili ya goti ambalo mtaalamu wa mifupa wa hapohapo ameshalipima ni kupoteza fedha zenu na muda wa mgonjwa.

Simu za kupanga uchunguzi ni kisa kingine. Hupigwa na kampuni ya mkataba, kwa namba isiyojulikana, nyakati nyingine mtu akiwa msibani kijijini bila mtandao. Asipofika uchunguzini bila sababu nzuri, kanuni 3.655 inaagiza dai la kuongezewa asilimia likataliwe hapohapo. Tumeni ujumbe wa maandishi wenye jina la VA kabla ya simu. Na mkutano wa simu na mpitiaji wa ngazi ya juu, ambao mdai huuomba kwa kuweka alama kwenye fomu 20-0996, upangwe kwa kukumbuka kwamba mchana wa Washington ni jioni na usiku Nairobi.

MANDA, DJIBOUTI NA KIDONGE CHA KILA WIKI

Sheria ya PACT, inayowahusu wanajeshi waliokumbana na moshi na sumu kazini, ilisainiwa tarehe 10 Agosti 2022 na ilifanya jambo kubwa. Aliyetumikia Somalia tangu tarehe 2 Agosti 1990, au Djibouti tangu tarehe 11 Septemba 2001, na akapata pumu baada ya utumishi, sainasi sugu, au moja ya saratani zilizotajwa, hatakiwi kuthibitisha uhusiano. Sheria inaudhania. Kinachohitaji kuthibitishwa ni ugonjwa na mahali.

Kenya haimo kwenye orodha. Askari wa Camp Lemonnier, kambi ya Marekani iliyoko Djibouti, aliyepelekwa Manda Bay, Lamu, kwa miezi sita anaweza kuokolewa na majuma aliyokaa Djibouti. Aliyekwenda Manda moja kwa moja hana dhana hiyo, ingawa ni misheni ileile ya Pembe ya Afrika. Sheria inampa Waziri mamlaka ya kuongeza nchi nyingine anayoona inahusika. Tunakuomba, Mheshimiwa Waziri, uichunguze Kenya kwa mamlaka hayo, na matokeo yachapishwe pamoja na vipimo vya hewa vilivyotumika, hata kama jibu ni hapana.

Wakati huohuo, ndugu mliotumikia Manda, msikate tamaa. Sheria hiyohiyo inawataka VA waagize uchunguzi na maoni pale rekodi zinapoonyesha shughuli yenye hatari ya sumu, popote duniani, na mchunguzi azingatie misheni zote kwa pamoja, si moja moja. Ombeni rekodi yenu ya mfiduo wa sumu, ILER, iingizwe kwenye faili. Kama DD 214 haitaji Kenya, kama inavyotokea kwa waliokwenda kwa kazi ya muda, tafuteni oda za safari, hati za malipo na tathmini za utendaji za miezi hiyo. Waliokuwepo tarehe 5 Januari 2020, al-Shabaab walipoushambulia uwanja wa ndege wa Manda na kuua askari mmoja na makandarasi wawili Wamarekani, wajue kwamba kwa PTSD inayotokana na hofu ya shambulio la adui au la kigaidi, maelezo ya askari mwenyewe yanatosha kuthibitisha tukio, ikiwa yanalingana na mahali alipokuwa na mtaalamu wa VA wa afya ya akili akathibitisha. Mkiulizwa barua ya kamanda kwa dai la aina hiyo, tajeni kanuni 3.304(f)(3).

Kuna na dawa ya malaria, meflokwini. Ilitolewa kwa askari waliokwenda Somalia mwanzoni mwa miaka ya 1990 na misheni nyingine za Afrika baada ya hapo, kidonge kimoja kwa wiki, mara nyingi kwa kugawiwa kwenye mstari bila kuandikwa kwenye faili la mtu. Julai 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiwekea onyo la kisanduku cheusi, ikisema kizunguzungu, kukosa mizani na mlio masikioni vinaweza kubaki daima. Mchunguzi wa kizunguzungu ambaye hakuuliza dawa za malaria amefanya nusu ya kazi. Swali hilo liingie kwenye dodoso la masikio na la mishipa ya fahamu kwa kila aliyetumwa Afrika. Kutoandikwa kwa kidonge kusichukuliwe kuwa hakikumezwa. Wenzake wa kikosi wanakikumbuka, hata siku ya wiki kilipogawiwa.

MADALALI

Hili ni la Kamati za Bunge. Dai la kwanza halitozwi ada na mwakilishi yeyote aliyeidhinishwa. Baada ya uamuzi wa kwanza, wakili au wakala aliyeidhinishwa anaweza kutoza. Asilimia 20 ya malimbikizo huhesabiwa kuwa ya haki, na zaidi ya theluthi huhesabiwa kuwa imepita kiasi. Vyama vya wanajeshi husaidia bure. Lakini wapo wasio na idhini wanaojitangaza kwenye makundi ya WhatsApp ya diaspora, wanaodai mara tano au sita ya ongezeko la mwezi, na wanaoomba nenosiri la akaunti ya mdai. Adhabu ya jinai kwa watu hao iliondolewa mwaka 2006. Irudisheni. Msomaji ajue kwamba orodha ya walioidhinishwa iko wazi kwenye tovuti ya VA, na asiyekuwemo asipewe nenosiri, hata akiwa mtu wa kwao.

MDAI AKIFARIKI

Rufaa haiendelei yenyewe baada ya mdai kufa. Mjane, mtoto aliye chini ya miaka 18 au anayesoma na hajafika 23, au mzazi aliyekuwa akimtegemea, anaweza kuingia mahali pake kwa fomu 21P-0847 ndani ya mwaka mmoja wa kifo, kwa utaratibu huo wa nani atangulie. Mtoto mtu mzima asiye na ulemavu wa kudumu uliomwanza kabla ya miaka 18 hawezi. Yeye hudai kurudishiwa gharama za ugonjwa wa mwisho na mazishi. Mjane akijaza fomu 21P-534EZ ya fidia ya waliobaki, nayo huchukuliwa kuwa ombi la kuingia mahali pa marehemu, na akiileta ndani ya mwaka, haki yake huhesabiwa kuanzia mwezi wa kifo.

Mjane wa Tanga hayajui haya. Mwili umesafirishwa, arobaini imepita, eda imekwisha, ndugu wamegawana kilichopo, na barua iliyosema rufaa imefutwa ilikwenda kwenye anwani ya Houston ambako nyumba ilisharudishwa kwa mwenyewe. Akija kuuliza, mwaka umepita kwa wiki tatu. Akija mapema, anakwama kwenye ndoa: ilifungwa msikitini au kimila na cheti hakikuchukuliwa. Kanuni yenu hutambua ndoa iliyo halali kwa sheria ya mahali walipoishi wanandoa. Msomaji wa faili ajue kuuliza kwa kadhi au kwa msajili kabla ya kuandika kwamba hakuna mke.

Tunaomba mfumo wenu, unaposajili kifo cha mtu mwenye dai au rufaa iliyo wazi, utume fomu hizo mbili kwa kila anwani na barua pepe ya mtegemezi iliyomo kwenye faili, pamoja na karatasi moja ya Kiswahili kwa familia zilizo Afrika Mashariki, ikitaja tarehe ya mwisho kwa maneno. Maandishi ya karatasi hiyo tumeyaandaa, yamehaririwa na mwanasheria aliyeidhinishwa, na yameambatanishwa na nakala ya Kiingereza ya barua hii. Yatumieni bila malipo.

Wenu,

Wawakilishi wa madai, wauguzi na wafasiri wa Kiswahili